Kompyuta Nzito na Mlango wa Riba



Siku moja ya mwezi wa Shaabani, baada ya sala ya Alasiri, alitujia chuoni mama mmoja mjane, jirani yetu wa Ngarenaro hapa mjini Arusha, ambaye watoto wake wawili wanasoma kwetu. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali alisema: "Maalim, nimekuja na maswali mawili, moja la dini na moja la dunia, na yote mawili ni kitu kimoja."

Maneno yake yalikuwa haya. Marehemu mumewe alimwachia kompyuta ya mpakato, na kwa kompyuta hiyo yeye huwachapia watu barua, kadi za arusi na mitihani ya shule, na ndiyo inayompatia unga na ada za watoto. Lakini sasa kompyuta imekuwa nzito mno. Akiiwasha asubuhi hupata nafasi ya kuchemsha chai na kuwanywesha watoto kabla haijawa tayari kwa kazi. Wateja wamechoka kungoja, na wengine wamekwisha kwenda kwa watu wengine. Basi wametokea watu walio tayari kumkopesha shilingi milioni moja na nusu anunue mpya, naye awalipe kila mwezi pamoja na ziada. Je, inafaa? Na kama haifai, afanye nini?

Swali la kwanza tulilijibu pale pale, kwani ziada inayoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, na makatazo ya riba hayana giza ndani yake. Ama swali la pili lilitushinda. Kazi yetu ni kusomesha watoto alifu na be, si kutengeneza mashine. Tulimwambia asubiri, na Mwenyezi Mungu atamfungulia.

Walakini alipoondoka, nyoyo zetu hazikutulia. Ni jambo jepesi kumwambia mtu asipite njia fulani. Lakini mtu aliyefungiwa mlango mmoja bila ya kuonyeshwa mwingine, njaa ya watoto wake itamrudisha kwenye mlango ule ule. Tukaona ni wajibu wetu kuutafuta huo mlango wa pili. Tunayaandika haya tuliyojifunza kwa kuwa tunajua ziko nyumba nyingi za Waislamu zenye kompyuta nzito kama ile, na zenye watu wanaobisha hodi na mikopo kama ile.

UGONJWA KABLA YA DAWA

Wenzetu wakulima wa vijiji vya Mlima Meru wana akili moja nzuri. Mtu wa Poli au Nkoaranga akiona migomba yake inanyauka, haendi kununua shamba jipya. Hupanda juu kuufuata mfereji, atazame maji yamezibwa wapi. Aghlabu hukuta ni jiwe moja na majani, akayaondoa, shamba likanywa. Na kompyuta nayo yataka itazamwe vivyo hivyo.

Aliyetuongoza ni kijana wetu mmoja aliyehitimu Msahafu kwetu zamani, na sasa anasoma Chuo cha Ufundi Arusha. Maelezo yake tuliyapeleka katika mfano wa chuoni ndipo tukayafahamu, na mfano huo twaupitisha kwenu.

Mwalimu ameketi juu ya mkeka, na mbele yake pana marufaa, kile kibao cha kuwekea kitabu. Juu yake mna nafasi ya vitabu viwili au vitatu tu, vile anavyovisoma saa ile. Vitabu vingine vyote vimo katika sanduku, chumba cha nyuma. Kila akihitaji kitabu kisichokuwapo mbele yake hana budi kuinuka, aende chumba cha nyuma, apekue sanduku, kisha arudi. Marufaa yakiwa membamba, atashinda siku nzima akiinuka na kuketi, na wanafunzi watasema mwalimu wetu ni mzito. Kumbe mwalimu si mzito. Ni marufaa madogo na sanduku la mbali.

Katika kompyuta, marufaa ndiyo kumbukumbu ya muda iitwayo RAM. Huko hukaa kazi iliyo mkononi, na umeme ukizimika vyote vilivyomo hupotea. Sanduku ni diski, mahali pa kuhifadhia barua, picha na programu zote, nayo haisahau hata mashine ikizimwa. Kompyuta nyingi zilizochoka hazina ubovu wowote katika akili yake. Zinateseka kwa kwenda na kurudi sandukuni.

Na sanduku lenyewe la kompyuta za zamani ni la namna ya ajabu. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, na juu yake mkono mwembamba mfano wa ule wa santuri. Katika kompyuta nyingi za mpakato sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa kila sekunde. Mtu atasema, hiyo si kasi kubwa? Ni kubwa, lakini ili kusoma kipande kimoja mkono hauna budi usogee hadi mstari wake, kisha ungoje mahali hapo pazunguke pafike chini yake. Kazi hiyo huchukua kama milisekunde 15, na milisekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mafungu elfu. Kwa kipande kimoja si kitu. Lakini kompyuta inapoamka huhitaji vipande vingi vilivyotawanyika huku na huko. Tufanye ni vipande 10,000: hesabu yake ni sekunde 150, yaani dakika mbili na nusu za kungoja tu, na kazi bado haijaanza.

FLASHI NI NINI

Sasa tuje kwenye flashi, kile kijiti kidogo ambacho vijana wetu hukitundika pamoja na funguo. Asili yake ni kazi ya mhandisi wa Japani, Fujio Masuoka, wa kampuni ya Toshiba. Aliitangaza kumbukumbu hiyo mwaka 1984, na mwaka 1987 ikatangazwa ile aina yake inayotumika katika vijiti na simu zetu leo. Vijiti vyenyewe vilianza kuuzwa madukani mwaka 2000.

Ndani ya flashi hamna sahani wala mkono. Mna vyumba vidogo mno ambamo chaji ya umeme hufungiwa, ikakaa humo hata umeme ukikatika. Kwa kuwa hapana kitu cha kusogea wala cha kungojewa, flashi nzuri hutoa kipande kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Vile vipande 10,000 vilivyotaka dakika mbili na nusu, flashi ya namna hiyo yaweza kuvitoa kwa muda wa sekunde moja.

Lakini flashi ina tabia moja ambayo watu wa chuoni wataifahamu upesi. Zamani tulisoma kwa mbao zilizoandikwa kwa wino, na ili kuandika somo jipya ilibidi kwanza ubao uoshwe. Wala hukuosha herufi moja. Uliosha ubao mzima. Na ubao ulioshwa kila siku mwishowe ulichakaa. Flashi ni hivyo hivyo. Haiandiki juu ya maandishi ya kwanza mpaka kwanza ifute, na hufuta fungu zima kwa mara moja, na kila kufuta huichakaza kidogo. Flashi nyingi za siku hizi kila chumba chake huvumilia kufutwa kiasi cha mara elfu moja hadi elfu tatu. Flashi iliyotengenezwa vizuri huyagawa maandishi yake ili vyumba vyote vichakae sawasawa, ikadumu miaka mingi. Ile ya ovyo haifanyi hivyo sawasawa, na kwa hiyo hufa mapema.

DAWA YA KWANZA: KIJITI

Kijana wetu alituambia kwamba Windows imekuwa na njia ya kukitumia kijiti cha flashi kuipunguzia kompyuta uzito. Njia hiyo yaitwa ReadyBoost, nayo ilikuja pamoja na Windows Vista mwaka 2007, wakati kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa na RAM ya megabaiti 512 au gigabaiti moja.

Turudi kwenye mfano wetu. ReadyBoost ni kama kuweka rafu ndogo ubavuni mwa mwalimu, na juu ya rafu hiyo nakala za kurasa anazozihitaji mara kwa mara. Kitabu chenyewe kimebaki sandukuni. Kwa hiyo mtu akikichomoa kijiti, hapotezi kitu. Mwalimu atainuka tu kama zamani. Na nakala hizo zimeandikwa kwa siri, hata kijiti kikiokotwa na mtu mwingine hawezi kuzisoma. Pia ijulikane kwamba rafu hii hutumiwa kwa vipande vidogo vilivyotawanyika. Jambo refu lililopangwa mfululizo, kama picha za sinema, huachiwa diski yenyewe, kwa kuwa sahani zikisoma mfululizo huwa na kasi.

Namna ya kuifanya si ngumu. Chomeka flashi, kisha fungua ukurasa wa sifa zake. Kama toleo lako la Windows lina njia hii, utaona mahali palipoandikwa ReadyBoost. Windows itakipima kijiti kwanza, na ikikiona kizito mno itakikataa. Mashauri ya watengenezaji ni kwamba nafasi utakayoitoa iwe kati ya sawa na RAM yako na mara mbili na nusu yake. Kwa mwenye RAM ya gigabaiti mbili, flashi ya gigabaiti nne yamtosha. Na kama diski ya ndani ni ya flashi tayari, Windows yenyewe huiacha njia hii, kwani hapana faida ya kuweka rafu ubavuni mwa sanduku lililokwisha kuletwa karibu.

Kompyuta ya yule mama ilikuwa na RAM ya gigabaiti mbili na diski ya sahani. Tukachomeka flashi nzuri ya gigabaiti nne iliyokuwa nyumbani bila ya kazi, tukangoja siku tatu. Ilikuwaje? Programu ya kuchapia, ikifunguliwa mara ya pili na ya tatu, ilifunguka upesi kidogo. Lakini kule kuamka kwa asubuhi kulibaki karibu vile vile, na mama bado alichemsha chai yake ikachemka.

Basi hukumu yetu ni hii: njia ya kijiti ni msaada mdogo, na humfaa mwenye RAM haba na diski ya sahani, ambaye flashi anayo tayari. Huyo na ajaribu, maana hatapoteza senti. Ama kwenda dukani kununua flashi mpya kwa kusudi hilo peke yake, hatumshauri mtu. Akiba hiyo aiweke kwa dawa tutakayoieleza.

KOSA LETU

Kabla ya kuifungua mashine, kijana alisema lazima mali ya mama inakiliwe kwanza: barua za wateja, picha, na jambo moja ambalo mama alilithamini kuliko yote. Marehemu mumewe, mwaka mmoja kabla ya kufariki, alijirekodi akiwasomesha watoto wake Juzuu Amma, sura baada ya sura. Sauti hiyo ilikuwa katika kompyuta ile tu.

Tulijitolea kununua flashi ya kunakilia. Mjini tulikuta moja iliyoandikwa ujazo wa terabaiti moja, kwa bei ya chini kuliko ya flashi za gigabaiti 64. Tuliona ni baraka. Tukanakili kila kitu, tukayaona majina ya mafaili yote yamepangika vizuri, tukamwambia kijana: "Haya, sasa futa diski uanze kazi."

Kijana akakataa. Akasema, "Maalim, mmeyaona majina. Je, mmeisikia sauti?" Tukafungua Surat An-Nabaa, ikasoma. Tukafungua ya pili, ikasoma. Ya tatu ikanyamaza, na zote zilizofuata zikanyamaza. Majina yalikuwapo, lakini ndani yake hamkuwa na kitu. Flashi ile haikuwa na terabaiti wala nusu yake. Ilikuwa kijiti kidogo kilichofundishwa kusema uongo juu ya ujazo wake. Kikisha kujaa, huendelea kupokea na kuandika majina, ilhali yaliyomo yanapotea. Lau kijana angetutii, sauti ya marehemu ingalifutwa kwa mikono yetu, na watoto wale wasingemsikia tena baba yao. Tulimwomba mama radhi, naye akatusamehe. Na diski yake ilikuwa salama, Alhamdulillahi.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani yake na vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuiweka juu ile iliyolowa watu waione, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Flashi ya uongo ni chungu ile ile: juu kavu, ndani imelowa. Anayeiuza ilhali anajua, na aisome Surat Al-Mutaffifin ajue ni nani waliokusudiwa kwa onyo lile la vipimo.

Na mnunuzi naye atie mkono ndani ya chungu. Akiona ujazo mkubwa kwa bei ndogo, ashuku. Ziko programu za bure za kupima, kama H2testw kwa watumiao Windows na F3 kwa watumiao Linux. Hizo huijaza flashi yote kisha huyasoma tena yaliyoandikwa, zikaonyesha ujazo wa kweli. Muuzaji mwaminifu hatakataa umrudishie iliyoshindwa. Na kanuni kubwa kuliko zote ni ile ya kijana wetu: usifute cha asili mpaka uifungue nakala na kuisoma.

DAWA YENYEWE

Tuliponunua flashi ya kweli na kunakili upya, kijana alitufundisha kupima kabla ya kununua kitu kingine. Mtu abonyeze kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha lenye hesabu za asilimia. Atazame safu iliyoandikwa Disk wakati anapoona uzito. Ikiwa imesimama asilimia 100 au karibu yake, hali yeye amefungua barua moja tu, basi mfereji umezibwa kwenye diski. Na safu ya Memory ikizidi asilimia 85 kila wakati, RAM ni haba. Zote mbili zikiwa chini, ugonjwa uko mahali pengine: pengine programu mbovu, au vumbi. Kiangazi cha Arusha tunakijua. Vumbi huziba feni, mashine ikapata joto, na ikipata joto hupunguza mwendo ili isiungue. Kuisafisha ni kazi ya fundi ya nusu saa.

Kwa mama yetu, diski ilisimama asilimia 100 na RAM ilipita 90. Dawa yake ilikuwa kuitoa diski ya sahani na kutia mahali pake diski ya flashi, ambayo watu huiita SSD, na kuongeza RAM. Msomaji asichanganye SSD na kijiti. Vyote viwili ni flashi, lakini SSD hukaa ndani ya mashine, ina njia pana ya kupitishia kazi, na ina msimamizi hodari wa kugawa maandishi ili vyumba visichakae ovyo. Kijiti ni rafu ya ubavuni. SSD ni kulihamisha sanduku zima likaja kuwekwa karibu na mwalimu.

Tulinunua SSD ya gigabaiti 256, RAM ya gigabaiti nne iliyokwisha kutumika, na kasha dogo la USB. Jumla ilikuwa shilingi laki moja na elfu arobaini, kwa siku zile. Bei hupanda na kushuka, na mnunuzi aulize maduka matatu kabla hajatoa fedha. Kabla ya kununua hakikisha kwamba RAM ni ya namna inayokubaliwa na mashine yako, kwani zina vizazi, na cha mmoja hakiingii kwa mwingine. Pia ziko kompyuta ambazo RAM yake imechomelewa na haiongezeki.

Kazi ilikwisha kabla ya Magharibi. Kijana akaiwasha, nasi tukahesabu kwa tasbihi: hatukufika arobaini, nayo iko tayari. Mama alicheka, kisha akalia.

Diski ya zamani haikutupwa. Ilitiwa katika lile kasha, ikawa mahali pa kuwekea nakala za akiba. Jambo hili lina hekima yake, maana flashi ikiachwa muda mrefu bila ya umeme, chaji iliyofungiwa hupungua polepole. Sauti ya marehemu sasa iko mahali patatu: katika SSD, katika diski ya zamani, na katika flashi iliyo kwa mjomba wa watoto kule Tengeru, wala si nyumba moja. Hamadi kibindoni, silaha mkononi.

SSD ina manufaa mengine kwa watu wa kwetu. Hula umeme mdogo kuliko diski ya sahani, nayo haina mkono wa kugonga sahani mashine inapotikiswa ingali inawaka. Mwanafunzi anayeipakata kompyuta yake katika daladala au bodaboda kutoka vijiji vya mlimani ataiona faida hiyo. Lakini umeme ukikatika ghafla kazi usiyoihifadhi itapotea tu, kwa hiyo zoea la kuhifadhi mara kwa mara lisiachwe.

KOMPYUTA ILIYOKATALIWA

Limebaki jambo moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 watengenezaji wa Windows 10 walikomesha utunzaji wake wa kawaida wa bure, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Wengi wameambiwa kwamba hawana ila kununua mpya. Si kweli. Uko mfumo wa Linux, ambao ni wa bure na halali kuunakili, na aina zake nyingine ni nyepesi kwa mashine za zamani.

Na hapa kijiti cha flashi kinapata kazi iliyo bora kuliko ile ya ReadyBoost. Linux yaweza kutiwa katika kijiti na kompyuta ikaamshwa kwa kijiti hicho, bila ya kugusa chochote kilichomo ndani. Mtu ataujaribu siku mbili tatu, aone kama mashine ya kupigia chapa inatambulikana na kazi zake zinafanyika, kisha aamue. Wala asidhani ni jambo geni kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, mwaka 2004. Na huko Karatu, katika mkoa wetu huu, zimetumika shuleni kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazokwenda kwa umeme wa jua, ambazo mfumo wake wote hukaa katika kadi ndogo ya flashi.

MLANGO WA PILI

Kompyuta ya kwanza ya nchi yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingizwa kompyuta nchini. Miaka hiyo ndiyo ya Azimio la mwaka 1967 lililochukua jina la mji wetu na kutuhimiza tujitegemee. Leo marufuku hayo yameondoka zamani, na mashine zimejaa, lakini ile sababu ya kuwa na tahadhari haikuondoka: fedha zinazotolewa kununua chombo bila ya ujuzi wa chombo hutoka zikaenda zao. Mwaka 2022 dunia ilitupa takataka za vyombo vya umeme kiasi cha tani milioni 62, na iliyokusanywa na kurejelewa kwa utaratibu haikufika hata robo. Katika hizo, ngapi zilihitaji kifaa kimoja tu? Makatazo ya ubadhirifu tunayoyasoma katika Surat Al-Israa hayakuishia kwenye chakula na mavazi.

Tunajua msomaji atauliza: na zile shilingi laki moja na elfu arobaini mama alizipata wapi? Hilo ndilo tulilolikusudia tangu mwanzo. Wazazi watatu wa chuo walimkopesha kwa mkopo mwema, usio na ziada hata ya senti moja. Iliandikwa karatasi, wakashuhudia mashahidi, na akapewa muhula bila ya kubanwa, kama tulivyofundishwa katika Surat Al-Baqara juu ya mdeni mwenye dhiki. Mwezi wa Shawwal, baada ya kuchapa mitihani ya shule mbili, alilipa nusu. Kabla ya kuandama kwa Mfungo Tatu alikuwa amemaliza yote.

Kama angaliuchukua ule mkopo wa milioni moja na nusu, hata leo angalikuwa analipa, na ziada juu yake. Aliokolewa na vitu vitatu: kijana aliyepima kabla ya kununua, majirani waliokopesha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na subira yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu, na maimamu, na wazee wa mitaa: mtu akija na swali la riba, mwambieni haramu, kisha msiinuke. Mwulizeni ana shida gani, nanyi mwende pamoja naye mkaitazame. Pengine mtakuta ni jiwe moja na majani katika mfereji.

Wabillahi tawfiq.